Mito ya Kochi Majini

Jumamosi, 4 Mei

Kwa jina la Mola aliyeitandaza bahari kisha akaiwekea mpaka isiouvuka. Amani iwe juu ya mwandishi wa daftari hili, ambalo msomaji mwingine halina.

Nimeshinda na kichefuchefu. Chumba cha chini kinachofungukia uani, ambamo kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kusoma, sasa ni karakana. Ruhusa niliitoa mwenyewe. Binti yangu kitindamimba alikuja na mumewe, wakaomba kwa adabu, na kitindamimba akiomba mimi huwa nimekwisha kukubali kabla hajamaliza sentensi.

Wanaitengeneza katamarani yao. Mashua mbili nyembamba kama maganda ya maharage, zimeunganishwa kwa mabomba. Katikati wavu wa kukalia. Juu mlingoti mmoja. Juu ya dude hilo watu watatu watashindana na wenzao kupita visiwa vyote, usiku na mchana, mpaka kisiwa cha mwisho. Wanaondoka tarehe kumi na mbili.

Gundi ya faiba inanuka yai viza. Harufu imeingia kwenye vitabu. Imeingia kwenye chai! Nimekunywa kikombe kimoja, nikahisi nimekunywa mashua.

Jambo moja tu limenituliza. Kamati ya mashindano imeniomba nisome dua ya ufunguzi, pale ufukweni, kabla mashua hazijatweka matanga. Binti ndiye aliyeileta habari hiyo, uso umenawiri. Nimekubali. Ni heshima, nami sijui heshima nyingine inayonifaa katika umri huu.

Jumatatu, 6 Mei

Wamenunua mizani. Wameitundika kwenye boriti ileile niliyokuwa nikitundika taa ya darasa. Kila kitu kinapimwa — kamba, viatu, chupa za maji, kofia. Yupo kijana wa tatu katika safari hiyo, mwenzao wanayemwita Mswaki, kwa sababu mswaki wake ameukata mpini ili upungue uzito. Anapiga mswaki kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa mwiba. Leo amekata lebo za fulana. Nilimuuliza kama na kucha anazikata kwa ajili hiyo. Akajibu kwa unyenyekevu kwamba hizo atazikata Jumamosi, shikamoo.

Watu watatu, kijiko kimoja. Hilo nililivumilia. Kisha, jana mchana, nikaona ndoo.

Nilimuuliza binti ndoo ni ya nini. Akasema ni ya kutolea maji yanayoingia. Na kuogea. Na kuchanganyia chakula cha unga. Nikauliza, na haja je? Akatazama pembeni.

Ndoo ileile!

Sikuweza kula chakula cha jioni. Mke wangu alicheka hadi akajifuta machozi, akasema mimi niliyefundisha mlango wa twahara maisha yangu yote, sasa mtihani umenifuata nyumbani. Sikucheka. Nilishuka kununua ndoo ya pili, ndogo, ya plastiki nyekundu, nikaiweka mwenyewe juu ya wavu.

Asubuhi hii nimeikuta kwenye kizingiti cha mlango wangu. Imeoshwa vizuri na kurudishwa, kama sahani ya jirani.

Jumatano, 8 Mei

Sasa ni mkwe wangu. Nahodha. Anapita sebuleni mbele ya mama mkwe wake na kaptura isiyofika popote. Anakula unga wa pakiti akiwa amesimama, anamimina kinywani kama mtu anayejaza shimo. Jana niliona anakuna mgongo kwa rula ya kupimia matanga, kisha akaendelea kupimia matanga.

Mkwe hakaripiwi ana kwa ana. Hupelekewa salamu. Basi nikamwambia mke wangu amwambie binti amwambie mumewe kwamba nguo, kama jambo lolote la heri, ina urefu wake unaostahili. Baada ya adhuhuri majibu yakarudi kwa njia ileile. Kwamba shikamoo sana, na kwamba suruali ndefu imepimwa na imeshindwa.

Mke wangu aliyaleta majibu hayo akiwa ameuma ncha ya ushungi. Nyumba hii wote wamekuwa wa upande wao.

Najiuliza ni mtu gani niliyempa mwanangu. Mtu anayepima kila kitu, basi hata mke siku moja atampima.

Alhamisi, 9 Mei

Amekuja mkaguzi wa mashindano. Mama wa makamo, filimbi shingoni, mikono imekauka kwa chumvi. Alikagua mashua palepale uani. Alivuta kila kamba. Alipuliza kila filimbi ya jaketi la kuelea hadi majirani wakachungulia.

Kisha akataka boya kubwa. Ni boya linalokaa ndani ya begi la rangi ya chungwa, limekunjwa. Ukivuta kamba yake linafura lenyewe na kuwa chumba kidogo chenye paa, watu wakakaa humo wakingoja kuokolewa. Alifungua zipu, akaligusa, akafunga zipu. Likafungwa juu ya wavu, akatia sahihi.

Nilimpa chai, nikamwomba radhi kwa harufu. Akanieleza kwamba mwaka jana, kwenye mlango wa bahari kati ya visiwa viwili, mashua moja ilipinduka na haikugeuzika tena. Watatu waliokuwamo walikaa ndani ya boya tangu alasiri mpaka kulipopambazuka. "Wote wako hai, Mzee," alisema. "Wangekuwa na majaketi tu, ningekuwa nimekwenda kwa mama zao."

Leo, kwa mara ya kwanza tangu gundi iingie, nimepata hamu ya kula. Mke wangu peke yake ndiye anayenung'unika: mito miwili ya kochi haionekani. Nimemwambia huenda ameianika. Amesema mito ya kochi huwa haijianiki.

Ijumaa, 10 Mei



Nilirudi kutoka msikitini, nikaenda stoo ya chini ya ngazi kuchukua mkeka wa wageni. Mikeka ilikuwa imekaa vibaya, imevimba katikati. Nikaifunua. Chini yake limelala boya. Tupu, bila begi, limekunjwa kijivu na kunywea kama utumbo kwenye meza ya mchinjaji. Kamba yake ya kuvutia inaning'inia.

Nikatoka uani. Begi la chungwa lipo juu ya wavu, limefungwa vilevile alivyolifunga mkaguzi. Hakuna mtu karibu. Nikafungua zipu kidogo.

Maua ya kijani. Kitambaa cha kochi langu.

Nimeketi kwenye ngazi muda mrefu. Nilikuwa nikidhani najua kinyaa: ndoo, kijiko, rula mgongoni. Hizo zote huoshwa kwa maji. Hili linaoshwa kwa nini? Yule mama alitia sahihi yake kwa nia safi, akanywa chai yangu kwenye kikombe changu, na kabla kikombe hakijasuuzwa wameshatoa boya na kushindilia mito. Bahari ikiwapindua, mwanangu atafungua zipu akute mto wa kulalia mchana.

Na ni mkwe. Nani mwingine? Mpima kaptura! Ameona boya ni zito, akalipima na uhai wa mke wake, na uhai ukaonekana ndio mwepesi.

Kesho salamu hazitapitia kwa mtu. Nitamwita.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwita. Alikuja akasimama kwenye mlango wa darasa langu la zamani, amevaa suruali ndefu. Hilo nililiona.

Nilimwambia nimeingia stoo. Hakujifanya haelewi. Alitazama sakafu, akasema mito aliichukua yeye na anaomba radhi kwa Mama. 

"Lakini Mzee, neno la kuliacha boya si langu," alisema. "Nililikataa mara mbili. Mimi ni nahodha wa kwenye karatasi tu."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yamepangwa vizuri. Sikuwahi kuyatoa. Kwa sababu binti alikuwa amekwisha kuingia kwa mlango wa uani, mikono imejaa vumbi la msasa.

"Usimbane, Baba. Ni mimi."

Hakulia. Hakuinama. Alizungumza kama anavyozungumza na mtu wa dukani kuhusu bei. Kwamba mwaka jana walikuwa wa kwanza mpaka siku ya mwisho, wakapitwa huku ufukwe wanauona kwa macho. Kwamba mashua iliyowapita ilikuwa nyepesi. Kwamba amejinyima miaka miwili, na hakuna kitu kilichobaki cha kukata isipokuwa boya.

Nikamuuliza, na mkipinduka?

Akasema wataigeuza mashua na kupanda tena, wamefanya mazoezi. Nikamkumbusha wale wa mwaka jana, ambao yao haikugeuzika. Akatabasamu — tabasamu lile aliloniombea baiskeli akiwa mdogo.

"Na wewe je, Baba? Unadhani nani alikwenda kwenye kamati akasema baba yangu ndiye asome dua? Boya linavuta mizani chini. Dua haipandi mizani."

Mswaki, aliyekuwa nje akikunja tanga, alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

 Ile heshima niliyoipokea wiki iliyopita kwa mikono miwili! Nilikuwa kifaa. Wamenipima pamoja na kamba na viatu, wakaona mimi ndiye mwepesi kuliko vyote, wakanichukua. Na si mimi tu. Yule ninayemwomba naye wamemfunga juu ya wavu, mahali pa boya, kwa sababu Hana uzito.

Nilimwambia kwamba sikumfundisha hivyo. Akasema nilimfundisha kuwa Mungu hamtupi mja wake. Nikasema: "Nilikufundisha pia kwamba anayeacha mlango wazi asimsingizie mlinzi usingizi."

Hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka kidogo. Akasema nikimwambia mkaguzi, watafutwa mashindanoni, yeye na mumewe, si kwa mwaka huu tu, maisha. "Na nitajua aliyenifuta ni baba yangu."

Nikajibu kwamba mlango wa stoo hautafungwa usiku wa leo. Nataka nikiamka nikute patupu.

  Alinishika mkono akaubusu, na mkono wangu ukabaki na vumbi la msasa. Alasiri walipakia mashua kwenye tela wakaipeleka ufukweni. Mkwe alinitazama mara moja kutoka langoni. Nilimhukumu kwa kaptura yake. Lakini huruma kwake sina. Mtu aliyekataa mara mbili alishindwa nini kukataa ya tatu?

Jumapili, 12 Mei

Baada ya sala ya alfajiri nilishuka stoo na kufunua mikeka.

Lipo.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, amekwisha kuvaa. Jana nilimweleza yote. Hakulia wala hakuniuliza nitafanya nini. Alisema: "Wewe shika dua yako. Mimi nafuata mito yangu."

Tulilibeba boya kwa mkokoteni wa muuza mboga, chini ya shuka la kitanda. Mwenye mkokoteni aliuliza kama ni mgonjwa. Mke wangu akamjibu kwamba bado.

Sasa niko ufukweni, chini ya turubai la wageni, kwenye kiti cha plastiki. Daftari liko gotini. Watu wanadhani naitunga dua, wananipisha kwa heshima. Boya liko miguuni mwangu, limefunikwa. Mkaguzi ameketi kiti cha pili kutoka hapa. Ameniuliza mzigo ni wa nani. Nimesema ni wa familia, tunamngoja mwenyewe aje auchukue.

Katamarani zimepangwa kwenye maji ya magotini, matanga yanapigapiga. Yao ni ya nne. Binti yuko kwenye usukani. Alituona tulipofika, akapunga mkono. Kisha akaona shuka, na mkono ukabaki juu.

Mshereheshaji ameniita kwa kipaza sauti. Nimemjibu kwa ishara kwamba bado. Bila dua hawafyatui fataki ya kuanzia. Ndivyo ratiba inavyosema, na ratiba hiyo aliniletea mwanangu mwenyewe.

Nimempa mke wangu salamu, kwa ile njia ya zamani ya nyumba yetu. Nimemtuma aseme neno moja tu: Baba yako anasema mama yako anataka mito yake, na hatasoma mpaka irudi. Boya analo hapa. Dua pia anayo hapa. Vinatoka pamoja au havitoki.

Ameingia majini na viatu vyake. Amefika. Anazungumza, mkono kiunoni. Mkwe ameinamisha kichwa. Mswaki ametoa kidole mdomoni. Sioni uso wa mwanangu. Tanga linamfunika na kumfunua.

Naitwa mara ya pili. Watu wamegeuka kunitazama, wengine wananong'ona kwamba mzee amesahau maneno. Mkaguzi hanitazami mimi. Analitazama shuka, na ncha ya kamba iliyojitokeza chini yake.

Amini usiamini, ewe daftari, kichefuchefu kimeniondoka. Kilichobaki ni hofu ya kawaida, ya baba yeyote.

Tanga limehama. Mwanangu amepiga magoti juu ya wavu. Mkono wake uko kwenye zipu ya begi la chungwa.

Ee Mola, ibariki nyumba hii, walio nchi kavu na walio majini, mwenye kukata mpini na mwenye kurudisha ndoo, na yeyote atakayelifungua daftari hili siku mwenyewe hayupo. Wape vizito vya kuwaokoa, na nguvu za kuvibeba.