Jumapili Niliyoshindana kwa Pikipiki

Mjukuu wangu Akinyi,

Sasa? Huku mtaani Lindi tuko. Nyanya yako miguu bado inamsumbua, lakini kanisani anafika. Umeniuliza kama niliogopa siku yangu ya kwanza kushindana kwa pikipiki, kwa vile na wewe umejiandikisha huko uliko.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi kwenye gereji moja Kawangware, pamoja na rafiki yangu Wafula. Tuliunda pikipiki mbili kwa vyuma vilivyotupwa, tukaenda nazo kwenye mashindano nje ya mji. Jumamosi tulifanya mazoezi, tukaanguka, tukacheka. Jumapili mbio zikaanza na sikuogopa hata kidogo. Wafula alikuwa mbele yangu, na kwenye kona yenye mawe pikipiki ikamrusha. Nilisimama. Wengine walitupita wakitumwagia vumbi. Nilimshika kichwa, akaniambia, "Wewe endesha, buda. Usiningoje." Sikuondoka. Alikata roho mikononi mwangu.

Jioni nilienda mtaa wa Mashimoni kwa mama yake, bado nimevaa nguo za mbio. Hapo mlangoni ndipo nilipoogopa, Akinyi, hadi nikashindwa kubisha. Alinisikia, akatoka akifuta mikono, akatabasamu.

"Mmerudi? Nani ameshinda?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza mtu. Nilimshika mikono tukaketi pale chini, na akaelewa.

Sikukatazi kushindana. Ila mbio zikiisha, piga simu nyumbani wewe mwenyewe, usimtume mtu. Tutakuwa tumekaa karibu na simu.

Babu yako,
Odhiambo