Mgeni Asiyeshiba

Ilford, London

Dada yangu Zuhura,

Pokea salamu zangu, na mama mbusie mikono. Miguu yake vipi, bado inamvimba? Sisi wazima, baridi tu ndiyo haina adabu. Lakini mwenzio roho inaniungua.

Unamkumbuka Rukia, binti wa ami yake Seif, yule ambaye mama mkwe alitaka Seif amuoe kabla yangu? Kapata kazi huku ya kutunza wazee, kaja kukaa kwetu mpaka apate chumba. Tunakula sinia moja. Wallahi, anamaliza upande wake anaingia wangu! Na kiuno kile kile cha mwari. Mimi nikinusa tu wali, nguo hazinienei. Naye Seif: "Mwache ale, mgeni." Nyama zote anamsogezea yeye. Mimi mkewe sijasogezewa hata kiazi.

Nikawa namtazama kila tonge. Mikono inamtetemeka, jasho linamtoka na nje barafu. Tena tunasali pamoja, na mwezi wa kwanza, wa pili, hakosi sala hata moja. Yaani haingii mwezini! Nikasema basi, ana mimba, na nyumba hii ina mwanamme mmoja tu. Seif sikumwambia neno. Nikamshika Rukia mkono mpaka kwa daktari, jibu nilisikie kwa masikio yangu.

Daktari akamwambia avue mtandio. Nyumbani hauvui kamwe, kwa kuwa Seif si maharimu wake. Kumbe shingo imevimba! Mimba hakuna. Ni tezi ya shingoni, inamwaga homoni kupita kiasi, mwili unachoma chakula upesi upesi, ndiyo maana njaa haimwishi, moyo unamdunda na mwezini haingii. Tungechelewa, moyo ungeharibika.

Sasa anameza vidonge, njaa imetulia, mwili umerudi. Kanawiri, dada, kapendeza kuliko zamani! Juzi kapata chumba, nikamfungia mizigo mwenyewe kwa furaha. Akanikumbatia analia: "Hakuna aliyeniangalia kama wewe, dada yangu." Na hicho chumba kiko mtaa huu huu, nyumba ya tatu. Eti hataki kukaa mbali na mimi! Ningesema nini? Nikamwambia karibu.

Msalimie shemeji, na wanao wote, na shangazi muuza urojo. Mniombee dua. Si Rukia, yeye kapona. Mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Asha