Ng'ombe Niliowafua Rangi

Garsen, Jumapili, Agosti 1999.

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nimepangusa kompyuta, nimeifunika kwa leso, nimeifunua, na bado vitufe vinakwaruza vidole. Siku nyingine ningekasirika. Leo sina neno na mtu. Nimekunywa vikombe viwili vya chai, mama yuko uani anachambua mchele huku anamsema kuku, na mimi moyo wangu umetulia kabisa.

Wachache mnaoufungua ukurasa huu mnajua kazi yangu. Natengeneza tovuti Mombasa, nyingi za hoteli. Mnajua na ugonjwa wangu pia.

Ni video.

Siwezi kujizuia. Nikisikia kuna programu mpya ya kuonyesha picha zinazotembea kwenye mtandao, silali mpaka niipate. Ofisini nikianza tu kusema kwamba iko siku watu watatazama video kwenye kompyuta kama wanavyosikiliza redio, wenzangu wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Mwezi uliopita nilikaa nikisubiri kipande cha mtu anayepika chapati. Kikaja kidogo kidogo, jamaa akairusha chapati juu, laini ya simu ikakatika, chapati ikabaki hewani. Mimi nikapiga makofi. Kadzo, ambaye meza yake iko kando ya yangu, akaniuliza hiyo chapati italiwa mwaka gani.

Bosi aliniruhusu kuja likizo na kompyuta ya kubebea na kamera ya ofisi, nimletee picha za mto kwa ajili ya tovuti ya wageni. Mto nimeupiga, umependeza, basi. Kilichonilia likizo yangu ni ng'ombe.

Halima ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Mimi Mpokomo wa Golbanti, yeye Muorma; shuleni yeye alikuwa akija na maziwa, mimi ndizi, na tulikuwa tunagawana mpaka mwalimu akachoka kututenganisha. Ijumaa iliyopita aliolewa. Ndiyo, ameolewa! Bado kuliandika kunanipa raha.

Kwao, kaka humpa dada yake anayeolewa ng'ombe, ili huko aendako awe na maziwa yake mwenyewe, asiombe. Halima ana kaka mmoja tu, Guyo, naye yuko Norwe miaka yote hii, anasomea mambo ya maji. Ng'ombe Guyo anao. Alipozaliwa alitengewa mtamba mmoja, na uzao wote wa mtamba ule ni wake mpaka leo, uko hapa katika boma la baba yake. Baba mtu, ambaye namwita Abba kama wanawe wanavyomwita, anaulisha na kuunywesha, ila kuutoa hautoi. Tulimwambia amchagulie tu Guyo, mambo yaishe. Hakutaka hata tumalize kusema.

"Ng'ombe ya Guyo, Guyo nachagua. Kwa macho yake."

Shida ilikuwa hapo. Mitamba miwili iliyofaa kutolewa ilizaliwa baada ya Guyo kusafiri, hajaiona hata siku moja. Asipochagua, Halima anaondoka bila ng'ombe wa kaka. Na asiye na ng'ombe wa kaka, huko ukweni watamwambia nini? Kwamba kaka yake amemsahau. Halima alikuwa anacheka mchana na kuniambia wallahi haijalishi, lakini mimi namjua. Ilikuwa inamuuma.

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema Guyo ataiona. Ataiona huko huko Norwe, tena ikitembea.

Abba alinitazama kama mtu anayetazama wingu la mvua mwezi wa Agosti. Lakini alikubali. Jioni akaisimamisha mitamba ile miwili mbele, kundi lingine likawa nyuma linakunywa, nami nikapiga mpaka betri ikaniomba msamaha.

Sasa kazi. Kutoka Garsen huwezi kutuma kitu kizito kwa simu, laini yenyewe inakohoa. Kwa hiyo video ilibidi ikae kwenye diski moja ndogo, nimpe makanga wa basi la Mombasa, Kadzo aipokee aiweke kwenye mtandao na kumwandikia Guyo aifungue. Na diski ile haibebi kitu. Nikapunguza picha mpaka ikawa sawa na kiberiti. Haikuingia. Nikaondoa sauti. Haikuingia bado. Nikaondoa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe, na hapo ikaingia, tena ikabaki nafasi!

Jamani, ilikuwa safi. Ng'ombe walitembea bila kukwama, masikio yanapepea, mikia inafukuza nzi. Niliitazama mara nyingi nisiseme mara ngapi. Nikajiambia hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ile ya hoteli yenye kidimbwi kinachometameta ikae kando.

Nikaipeleka stendi. Makanga akaitia mfukoni mwa shati pamoja na miraa yake, nikasema basi, Mungu yupo.

Jibu lilikuja kwa simu ya dukani kwa Ami Salim, ambako Kadzo hunipigia. Alinisomea alichoandika Guyo. Maneno yenyewe yalikuwa machache: nimeona, asante, lakini hawa ni ng'ombe wa nani?

Ng'ombe wa nani!

Halima alikuwa kando yangu, akasikia. Akaenda akamwambia baba yake, maana yeye hana tabia ya kuficha kitu. Abba alichukua fimbo yake akawafuata ng'ombe, na chakula cha mchana hakurudi kula. Mitamba ile sawa, Guyo hakuijua tangu hapo. Lakini nyuma yake kulikuwa na ng'ombe wakubwa, aliowachunga Guyo mwenyewe akiwa kijana, na mwanawe ameuliza ni wa nani. Siku mbili nzima mzee alikuwa akiulizwa habari anajibu nzuri, na uso wake unasema nyingine. Halima alilia. Hakulia kwa ajili ya maziwa. Alisema afadhali asingeulizwa kabisa, maana sasa wamejua kwamba kaka yake ameshapotea.

Mimi nilimkasirikia Guyo. Nilimkasirikia vibaya sana. Nikaichukua kompyuta mpaka bomani kumwonyesha Abba kwamba picha ilikuwa nzuri, na kwamba kosa si la kamera wala si langu.

Akainama. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akatazama mpaka mwisho, akaniambia nirudishe, nikarudisha. Halafu akanigeukia.

"Wewe nafua ng'ombe yangu?"

Sikumwelewa. Akaniburuta mpaka kwa mitamba yenyewe. Huyu mwekundu. Huyu wa majivu. Yule nyuma mwekundu mwenye paji jeupe, mama yao hawa wawili. Akarudi akagonga kioo kwa ukucha: hapa huyu na huyu ni mmoja, na mama yao hayupo. Kwao ng'ombe huitwa kwa rangi yake, rangi ndiyo jina. Mimi nimemtumia mtu kundi zima lisilo na majina halafu nimeudhika kwa nini hakuliita.

Nikakaa chini pale pale kwenye samadi kavu.

Na unajua nini? Hata nilipokuwa natoa zile rangi, sikuona kwamba kuna kitu nimetoa. Nimekulia shambani. Kwetu Golbanti ng'ombe ni kitu cha kufukuzwa kwenye mahindi: unaangalia miguu yake iko upande gani wa ua, unapiga kelele, unatupa bonge la udongo. Nani ana muda wa kuangalia rangi? Mimi naweza kukwambia buluu ya tovuti hii si ile buluu ya juzi, lakini ng'ombe wote kwangu walikuwa ng'ombe tu.

Nikamwambia hivyo hivyo Abba, bila kupunguza. Nilidhani atanifukuza.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mgongo, akawaita watu wa boma waje wamtazame binti wa Golbanti. Mwishowe akafuta macho akasema, "Basi Guyo hapana mjinga. Mjinga wewe." Sijawahi kuitwa mjinga nikafurahi vile. Jioni ile alikula, na Halima akanipiga kofi la mgongo ambalo nalisikia mpaka leo.

Nikaanza upya. Nilitaka rangi, na safari hii nilitaka na sauti, Abba akiwaita mmoja mmoja. Lakini diski ni ile ile, haikuongezeka kwa ajili yangu. Kitu kimoja kilibaki cha kutoa, na ni kile ninachokipenda kuliko vyote. Nikatoa mwendo. Ng'ombe hawatembei. Ni picha zimesimama, moja inapisha nyingine, kila moja na rangi zake, na sauti ya Abba inaendelea chini yake. Mimi, niliyewachosha watu wa Mombasa kwa habari za picha zinazotembea! Kadzo alipoipokea aliniuliza kama chapati imeganda tena. Nikamwambia anyamaze aitume.

Siku moja kabla ya harusi Ami Salim aliniita. Nikamvuta Halima mkono tukakimbia, yeye na hina yake mbichi mikononi, leso kaikamata kwa meno.

Guyo hakumchagua mwekundu. Wala hakumchagua wa majivu. Aliandika kwamba yuko nyuma mwekundu mwenye paji jeupe, mama yao, ambaye mama yake alikufa siku aliyomzaa na yeye Guyo akamlea kwa mkono, akilala naye mlangoni. Huyo, akasema. Mpeni Halima huyo.

Halima akasema hapana. Akasema pale pale dukani, mbele ya wateja, kwamba huyo ni mkubwa mno, ndiye anayekamuliwa sana kuliko wote, na ndiye kitu pekee cha Guyo kinachomkumbuka Guyo. Mimi nilikuwa naogopa jambo jingine. Njiani kurudi nilikuwa najiuliza, mtu akitoa yule anayempenda zaidi, si ni kama anafunga mlango na kurudisha ufunguo? Abba akilisikia hivyo, harusi itakuwa na matanga ndani yake. Nikatamani Halima amwambie yeye. Halima akatamani nimwambie mimi. Nikamwambia mimi.

Abba aliuliza tena Guyo amemtaja vipi, nikarudia: mwekundu mwenye paji jeupe, aliyelala naye mlangoni. Akatikisa kichwa polepole.

"Hii nachagua kama mtu iko hapa," akasema.

Basi. Akainuka kwenda kumtafutia kamba mpya. Nilimtazama mgongo, mabega yamenyooka, nikajua hakuna mlango uliofungwa. Mtu aliyesahau nyumbani hutoa chochote kilichosimama mbele. Guyo alikwenda mpaka nyuma ya kundi.

Nimeifikiria sana hiyo leo. Magazeti ya kompyuta ninayoyasoma yanasema laini zitaongezeka kasi, picha zitakua, na sisi watengenezaji tuwe tayari. Naamini. Naamini kuliko jana, hata. Lakini hakuna gazeti lililowahi kuniambia nimuulize mtu kwanza yeye huangalia nini. Nikirudi ofisini nitaanza hapo, hata kwa wale wa hoteli. Bosi akiniona nimechelewa kazi, ajue niko simuni namuuliza mtu swali la kijinga.

Asubuhi hii Kadzo amepiga, Jumapili, mwenyewe kapita ofisini kwa ajili hiyo. Kuna ujumbe wa Guyo. Hakuuliza harusi ilikuwaje, wala bwana harusi ni mtu wa namna gani. Ameuliza: alikubali kwenda?

Jana nilikuwa kwa Halima, ukweni, njia ya Witu. Kamera niliiacha nyumbani, na sijuti. Bibi harusi hatoki nje siku hizi za mwanzo, kwa hiyo nilikaa naye ndani gizani, tunakula tende na kucheka ovyo. Nje tukasikia vurugu. Ng'ombe wa Guyo alikuwa hataki. Safari nzima alirudi nyuma wakamgeuza, akarudi wakamgeuza, na sasa mama mkwe amekuja kumkamua, ng'ombe amekipiga chombo teke, maziwa yamenywewa na vumbi. Alijaribu mwanamke mwingine, naye akakimbia mateke. Wanawake wakaanza kunung'unika kwamba huyu ni wa kumrudisha kwao.

Halima akaacha kucheka. Akasogea mpaka ukutani, akaweka mdomo kwenye ufa wa nyumba, akamwita. Alimwita kwa rangi yake, taratibu, anavuta sauti mwishoni jinsi wanavyowaita kwao jioni. Nje kukanyamaza. Akaita tena. Akaendelea hivyo hivyo, paji la uso limeegemea ukuta, machozi yanashuka na yeye hayafuti, mpaka tukasikia maziwa yakigonga chombo, kwanza kwa sauti tupu, halafu nzito.

Sina picha ya hayo. Nitakaa sasa nimwandikie Guyo kwa maneno: hapana, hakukubali, mpaka aliposikia mtu wa kwao.