Sikio Lisilotajwa

Jumatatu, 3 Machi
Sikio la kushoto bado linalia. Wiki ya sita sasa – kama friji kuukuu, ila hili halina swichi. Nilimpigia dada. Kasema ni mawazo tu, mdogo wangu, unakaa peke yako mno. Labda. Lakini upweke naujua, nimeishi nao miaka mingi, na haujawahi kunipigia filimbi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeonwa na daktari wa masikio, hapahapa hospitalini kwetu. Dakika sita! Kasema mlio huu, tinitasi, ni dalili, si ugonjwa. Ikilia upande mmoja tu, lazima kichwa kipigwe picha, ijulikane kuna nini. Nikamwonyesha upande. Akaitikia kwa kichwa, akaandika: mlio masikioni. Basi. Macho yalishaenda mlangoni kwa anayefuata.

Ijumaa, 7 Machi
Faili langu limeshuka chumba cha kumbukumbu – ofisini kwangu. Kazi yetu ni kugeuza maneno ya daktari kuwa namba. H93.1 ndiyo mlio wa sikio, halafu tarakimu ya upande: moja kulia, mbili kushoto, tatu yote mawili. Tisa – halikutajwa. Hairuhusiwi kushika faili lako mwenyewe, kwa hiyo kalipata Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Kaandika tisa. Angeandika nini? Mimi ndiye niliyemfundisha: fuata alichoandika daktari, usibuni.

Jumatatu, 10 Machi
Chumba cha picha kimerudisha fomu. Sikio halikutajwa, hawaoni sababu ya kupiga picha. Daktari yuko likizo mwezi mzima, na msaidizi wake hagusi maandishi ya mkubwa. Naogopa. Nimefungua daftari la namba, nikahesabu tisa zangu za masikio. Mia mbili na kumi na moja. Kwa daktari ni ngazi ishirini na mbili tu, na sikupanda hata siku moja kumuuliza. Aibu. Chakula cha mchana kilinishinda.

Jumanne, 11 Machi
Miwani aliniita. Kumbe ni mara ya tatu – alikuwa kushoto kwangu. Hakunitania, na si kawaida yake. Kanitazama, kaenda kabatini, kaniwekea faili langu mezani. Wazi, kwenye ukurasa wa ile tisa, kalamu juu yake. Kasema anaangalia kama mvua imeanza. Hakuna mvua. Amesimama dirishani, kanipa mgongo, hageuki, na mimi naandika humu ili mkono uwe na kazi nyingine