Muti ya Kamba Ilitoa Majani

Kananga

Mama Kapinga, bibi yangu,

Jambo sana. Mugongo yako iko namna gani? Na mutoto wetu Kapinga, anakohoa tena? Mi niko muzima, muzuri hata kupita zamani. Bajane ya mutaa hii banapita-pita karibu na mulango yangu. Usikasirike, nacheka.

Barua yako ilifika. Unaniuliza: "Unarudi Kolwezi, ao siye tukuye kule?" Tangu siku balitupandisha mu treni, ati siye batu ya Kasai turudi kwetu, na wewe mwenye kwenu ni kule ubakie, miguu yangu haitulie. Kwetu gani? Mi nilizaliwa kule kule Kolwezi, mu Kapata! Treni ikilia, nasimama na tonge ya bukari mu mukono.

Sasa sikia: bwana yako eko etidia, mwanafunzi wa koleji! Mi, mwenye sikumaliza hata mwaka moja ya masomo, nakaa ku benchi ya mbele. Huku mvua inapasua udongo, inafanya mashimo makubwa yenye kukula manyumba. Njo koleji ikafungua masomo ya mazingira: namna ya kulinda udongo, maji na miti, juu batoto nao bakute kitu. Nilibaambia:

"Hii munaita shimo? Ile nilichimba Kolwezi, kifaranga kikianguka asubui, kinafika chini jogoo!"

Mama profesa akanijibu kama kwa baba yake: "Sawa, tata. Kuchimba unajua. Sasa jifunze kufunika."

Akasema kila mutu apande muti moja. Mi nilikataa. Siye batu ya kufukuzwa tunapanda lengalenga tu, muchicha: unakula, unaenda. Muti ni ya mutu mwenye kubakia.

"Mama profesa, mi niko mu safari."

"Safari gani ya kukaa, tata?"

Juzi akakuya na baetidia kuangalia miti ku kila nyumba. Nyuma ya yangu akaona muti ya kamba ya kuanika manguo. Niliikata mubichi, nikaipiga mu udongo. Kumbe imetoa majani!

"Mukuye muone! Tata alikataa, na yake imeshika mbele ya yenu yote!"

Nikajisifu: "Kwetu hata fimbo ya muzee inazaa."

Balipoenda, nikaishika juu niingoe. Nikavuta, nikavuta, mupaka kaputula ikapasuka. Mizizi ikakataa. Nikakaa chini mule mu udongo, mi peke, na hakuna mutu wa kufanyia mazaha.

Asubui nikaenda kwa mama profesa kuomba muti ya avoka, parachichi, juu wewe unapenda avoka. Akaniambia: "Inakawia kuzaa, tata." Nikasema najua.

Njo jibu yangu, mama. Mukuye huku, wewe na mutoto. Kitanda uachie kaka yako Nawej, fundi wa baisikeli. Sufuria kubwa ulete. Umusalimie sana, umuambie huku siyapata bado muongo wa kunishinda. Na mama mukwe kule Sandoa, pita umuage muzuri, ukae naye kwanza. Najua namuondolea mutoto.

Ni mi bwana yako, mwenye kumwagilia avoka yako maji,

Tata Kapinga