Njia Ambayo Mwende Hakuifunga

Jumapili, nimetoka kanisani.

Wewe Mwikali, wiki tatu hujashika hiki kitabu chako cha kuandikia siku! Ulikuwa unamkimbia nani? Kaa chini useme ukweli.

Mjukuu wangu Mwende, huyu anayeniita Susu, ndiye aliandika programu ya kutoa rekodi za wagonjwa wa zahanati yetu. Anayeomba rekodi lazima aonyeshe tokeni, kama kitambulisho. Kufuli yenyewe, ile sehemu ya programu inayokagua tokeni, aliichukua ikiwa tayari imetengenezwa na wengine, akaiamini. Kumbe anwani ile ile ya rekodi mtandaoni ikiongezwa kamstari kamoja mwishoni, kufuli haiitambui. Rekodi zinatoka bila mtu kuulizwa, na zimesambaa. Sasa soko lote la Kalamba linajua jirani yangu Kalunde anameza dawa za virusi vya Ukimwi.

Jana nilimwambia Mwende, "Beba unga, twende kwake."

"Susu, ofisi imenikataza. Nikiomba msamaha, nimekubali kosa."

"Na si ni lako?"

Akalia. Nikamkumbatia, nikampikia. Nampenda huyu mtoto mpaka naumia, lakini alifunga mlango mmoja akaenda kulala.

Leo kanisani Kalunde alikaa benchi peke yake. Na mimi, na huu mdomo wangu wote, nikakaa pale pangu pa siku zote. Nilijiambia ni magoti. Si magoti. Niliogopa macho ya wale wamama wa kanisa.

Usirudi hapa kuandika kabla hujaenda kwa Kalunde, na Mwende au bila Mwende, ukanywa chai kwa kikombe chake.