Chumvi ya Baba na Kijito cha Nyuma ya Kanisa

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza goti lako linaendeleaje, acha nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nimemdanganya mwanao. Nilimwambia nitafuta, na sikufuta.

Sasa nikuamkie vizuri. Goti vipi? Mvua za Songea zimewakuta mmeshapalilia? Sisi huku Kanada, hapa Pickering, ni wazima, theluji inayeyuka. Univumilie Kiswahili changu. Nyumbani wananisemesha Kiswahili nami najibu Kiingereza, kwa haya tu. Kwenye karatasi haya inapungua.

Nyuma ya kanisa letu kuna kijito. Wakubwa hawakioni, wanaona maegesho ya magari basi. Mwalimu wangu wa sayansi alitufundisha kupima maji, nikaenda kupima pale. Upande wa juu, kabla ya maegesho, maji ni mazuri. Upande wa chini, yakishapita maegesho, yamejaa chumvi, ile inayomwagwa kuyeyusha barafu watu wasiteleze. Na anayeimwaga ni Baba.

Majirani hunyunyiza kidogo. Baba anawahi kabla ya ibada na ndoo zake, anatandaza kama mchanga wa kujengea. Tangu mama mchungaji aanguke akavunjika mkono, Baba wimbo wake ni mmoja: "Sisi hatukuzaliwa kwenye barafu. Heri izidi." Akina mama wa kwaya wanamwita Baba Chumvi, naye anachekelea.

Sasa kuna mfuko mmoja wa mazingira unaotoa ruzuku kwa vijana wanaotaka kurudisha uhai wa vijito: kupanda miti kingoni, kuweka mawe samaki wapate pa kutagia, kupima maji. Wazee wa kanisa waliniruhusu niombe kwa niaba ya vijana wetu. Fomu inauliza maji yanachafuliwa na nini. Nikaandika: chumvi ya maegesho yetu.

Baba akaisoma. "Tumaini, unamshitaki baba yako kwenye fomu?"

"Sijaandika jina lako."

"Kanisa zima linajua ni nani! Andika barabara kuu. Magari yote yale, nani atabisha?"

"Maji ya barabara hayafiki kule, Baba."

"Haya, mheshimiwa mwanasayansi. Futa."

Nikasema sawa. Unanijua, Bibi, hata kwenye simu nakwambia "sawa, sawa" halafu nampa Mama aongee. Nikaingia chumbani, nikaituma kama ilivyo.

Jana wamejibu. Wamekipenda kijito chetu, lakini wiki ijayo wanakuja kuyaona maegesho na kuzungumza na huyo mwenye ndoo. Akikubali kupunguza chumvi, ruzuku tutapata. Asipokubali, hatupati, kwa sababu kupanda miti huku chumvi inaendelea kumwagika ni kazi bure. Kwa hiyo lazima Baba ajue, na mimi ndiye wa kumwambia.

Atasema nimemwaibisha. Na aseme. Kwa kusema sawa wakati moyoni si sawa, nitamwomba radhi. Kwa nilichoandika, siombi radhi hata akininunia mpaka kiangazi. Na wewe usimpigie kunitetea, tafadhali. Ukisema wewe atanyamaza kwa heshima, kisha Jumapili atamwaga vilevile. Nataka anikasirikie mimi, halafu tuteremke wote kijitoni, ayapime mwenyewe kwa mkono wake.

Nisalimie Babu Mdogo anayekusomea barua, mwambie asiruke mstari. Nisalimie na Shangazi wa dukani, na binamu yangu aliyeanza ufundi umeme.

Baba amerudi kutoka kazini Toronto, namsikia anapanda ngazi. Siku zote mtu akija karatasi zangu huingia chini ya mto wa kulalia. Hii naiacha mezani, nimeigeuza ielekee mlangoni. Ni Kiswahili, ataielewa yote.

Mjukuu wako asiyefuta,
Tumaini